Kweli au si kweli: chupa ya damu na aliyeitoa

"Ndugu akishachangia, mgonjwa amepona."
Si kweli, ingawa ndivyo wengi tulivyozoea kusikia kwenye benchi nje ya wodi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Damu ya shemeji yake aliyeitwa kwa simu lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kinachomwokoa ni chupa iliyokwisha kupimwa, iliyomo kwenye jokofu tangu wiki iliyopita, ya mtu asiyemjua. Shemeji anafidia tu.

Tena shemeji huyo ataulizwa maswali ya faragha kuhusu maisha yake, huku mama mkwe akimsubiri mlangoni. Atasema ukweli? Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, na kwetu Mpango wa Taifa wa Damu Salama, husisitiza damu ya hiari isiyo na malipo.

"Ukianza kuchangia, mwili unazoea, ukiacha, unaumwa."
Si kweli. Chupa moja ni kama mililita 450. Majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu baada ya wiki kadhaa, na madini ya chuma hukawia zaidi. Kwa hiyo mwanamume husubiri miezi 3 na mwanamke 4, kwa kuwa hedhi nayo humpunguzia chuma.

"Damu inauzwa."
Damu haina bei, na anayekudai hela chini ya meza anavunja utaratibu. Lakini mifuko, vitendanishi, umeme wa majokofu na mafuta ya gari vina gharama. Wahamasishaji wengi hukwepa kulisema hili hadharani. Wanakosea, kwa maoni yangu: mtu akisikia jirani yake katozwa, naye hajawahi kuelezwa lolote, harudi tena.

"Wanafunzi wakichangia, benki imejaa."
Kweli, kwa wiki chache. Gari la Damu Salama likiingia sekondari ya juu au chuo, hupata wachangiaji wengi kwa asubuhi moja, wote wa miaka 18 na kuendelea. Kisha Juni inafika na shule zinafungwa. Na ndicho kipindi, baada ya masika, ambapo mikoa mingi hupokea watoto walioishiwa damu kwa malaria. Hakuna namna ya kuweka akiba ya muda mrefu, kwani chembe nyekundu hudumu siku 35 hadi 42 tu, hata kwenye jokofu zuri. Desemba hali hujirudia.

Hasara kubwa zaidi huja baadaye. Kijana wa kidato cha sita anahitimu, anahama mkoa, anabadili laini ya simu, na hakuna anayemtafuta. Zimbabwe waliliona hilo mapema: mwaka 1989 walianzisha klabu ya vijana wanaoahidi kuchangia mara 25. Yaani ahadi ilikuwa ya kurudi, si ya kujaza hema siku moja ya maadhimisho.

"Mchangiaji wa kila mara ni salama kuliko mgeni."
Kweli. Amepimwa tena na tena. Mgeni aliyekuja ili ajue hali yake ya UKIMWI bila gharama ni hatari, maana maambukizi ya siku chache zilizopita huenda kipimo kisiyaone. Anayetaka kupima aende kituo cha kupima.

"Walinikataa, basi sifai."
Mara nyingi si kweli. Ana uzito chini ya kilo 50, damu imepungua kidogo, ananyonyesha, au ametoka kuugua malaria: yote hayo hupita. Tatizo ni kwamba mhudumu mwenye foleni ndefu humwambia "leo haiwezekani", naye anaondoka bila kuandikiwa kwenye kadi tarehe ya kurudi.