Taa ya injini: mvuke wa petroli unapovuja

Gari linakwenda vizuri, halingurumi vibaya wala halijapungua nguvu, lakini taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Madereva wengi nchini Marekani hulipuuza jambo hilo hadi siku ya ukaguzi. Katika jimbo la California, gari la petroli la mwaka 2000 au la baadaye haliwezi kupita ukaguzi wa hewa chafu taa hiyo ikiwa inawaka.

Mara nyingi kosa si la injini, bali la mfumo unaozuia mvuke wa petroli usitoroke kutoka kwenye tangi. Petroli hugeuka mvuke hata gari likiwa limeegeshwa, na mvuke huo huchangia ukungu mchafu unaotanda juu ya miji. Katika gari, mvuke hunaswa na mkaa uliomo ndani ya kopo maalumu. Injini inapofanya kazi, valvu hufunguka na mvuke huvutwa ukachomwe pamoja na petroli.

Kompyuta ya gari huufunga mfumo huo na kupima kama unashikilia shinikizo. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hugundua hata tundu la nusu milimita. Kwa hiyo mfuniko wa tangi usiokazwa watosha kabisa kuwasha taa.

Kifaa cha kusoma makosa huonyesha namba: P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, na P0456 mdogo zaidi. Lakini namba haisemi ni kipuri gani kilichoharibika, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwani wapo mafundi wanaobadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha.

Mfuniko ndio wa kwanza kuangaliwa, pamoja na raba yake, kama haijapasuka. Ukikazwa, taa haizimiki papo hapo. Kompyuta yahitaji kurudia kipimo kwa siku kadhaa, na kwa kawaida haipimi tangi likiwa limejaa au karibu tupu.

Gari likiwa gumu kuwaka mara baada ya kujazwa mafuta, valvu ya kupeleka mvuke kwenye injini hushukiwa kuwa imekwama wazi. Katika magari mengi, valvu hiyo ikichomolewa waya na kupulizwa haipaswi kupitisha hewa. Pampu ya kituo nayo ikijikata kila mara, huenda njia ya hewa ya kopo la mkaa imezibwa na vumbi. Kwa ufa usioonekana, gereji hupuliza moshi ndani ya mipira. Unapochomoza ndipo penye tundu. Kipimo hicho mara nyingi ni nafuu kuliko kopo jipya.

Wapo wanaoizima taa kwa kifaa usiku wa kuamkia ukaguzi. Hatua hiyo hufuta pia matokeo ya vipimo vingine vya gari, na kituo chaweza kulirudisha kwa sababu hiyo pekee.

Kopo lenyewe huharibiwa zaidi na mazoea ya kuendelea kumimina petroli baada ya pampu kujikata. Petroli huingia kwenye mkaa, na mkaa uliolowa hivyo kwa kawaida hauna dawa ila kubadilishwa.