Piga Picha kwa Ajili ya Atakayekuja Kesho

Watalii wengi wanaofika Kilwa Kisiwani hurudi na picha ya aina moja: matao ya Msikiti Mkuu, na mpigaji mwenyewe akitabasamu katikati. Picha hiyo ni halali yake, ila haiongezi lolote juu ya zile zilizotangulia. Penye magofu na makumbusho, picha yenye manufaa zaidi ni inayofaa kuwa ushahidi, yaani inayoonyesha kitu kilivyokuwa siku fulani, kwa ukaribu wa kutosha ili mtu mwingine aweze kulinganisha miaka mingi baadaye. Picha hiyo si lazima ipendeze, na haihitaji kamera ya bei kubwa.

Ushahidi unahitajika kwa sababu majengo haya hubadilika kila msimu. Miji ya kale ya pwani yetu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mara nyingi dari zikabebwa na boriti za mikoko. Mvua hulegeza chokaa, mizizi hupanua nyufa, na bahari humega ufukwe chini ya kuta. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na hayakutoka humo hadi 2014. Zanzibar, jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu wawili, ilhali ukarabati ulikuwa ukiendelea. Mkono wa mtu nao umo. Kule Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, na mengi yamebanduliwa. Palipobaki tundu tupu, ni picha ya zamani tu inayoweza kuonyesha bakuli lilikuwa na rangi na nakshi gani.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya wataalamu. Ni kweli kwamba wao huifanya vizuri zaidi, na mkasa wa Bamiyan, Afghanistan, unathibitisha. Sanamu kubwa za Buddha zilipolipuliwa mwaka 2001, watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich waliunda upya kwa kompyuta umbo la ile kubwa kuliko zote. Walijaribu picha za kitalii na picha za vipimo zilizopigwa mwaka 1970, na hizi za pili zikatoa umbo sahihi zaidi. Lakini mtaalamu hupita mara chache, na hawezi kuwa kila mahali. Makumbusho ya Taifa ya Brazil yalipoteketea Rio de Janeiro mwaka 2018, wanafunzi wa huko waliwaomba watu wote waliowahi kuyatembelea watume picha zao, kwa kuwa miongoni mwa vitu vilivyoungua vilikuwamo ambavyo huenda vilibaki katika simu za wageni peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kamera humzuia mtu kuona. Mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha mwaka 2014 utafiti uliofanyika ndani ya jumba la makumbusho. Waliopiga picha ya kitu kizima walikikumbuka kwa uchache kuliko waliokitazama tu. Ila waliovuta kamera kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo, maana kuchagua sehemu kulidai wakitazame kwanza. Basi tatizo ni kupiga bila kutazama, na picha ya ushahidi haiwezekani bila kutazama.

Namna ya kuipiga si ngumu. Anza na ukuta mzima, kisha sogea hatua kwa hatua ukiacha kila picha ipandane na iliyotangulia, kwa kuwa kompyuta huunda umbo pale tu sehemu ileile inapoonekana kutoka pembe zaidi ya moja. Piga ufa, kona, na upande wa nyuma ambao wageni huuruka. Weka kitu chenye ukubwa unaojulikana karibu na nakshi, bila kuigusa. Makumbushoni, piga pia kibao cha maelezo, na uandike mahali na tarehe. Flashi ikikatazwa, izime: karatasi na rangi za vitambaa huchujuka kwa mwanga, na anayesimamia vitu hivyo ndiye mwenye kauli. Na penye kaburi linalozuriwa au msikiti unaoswaliwa, omba ruhusa kwanza. Ukikataliwa, rudisha simu mfukoni. Wenyeji ndio wenye urithi, na ndio wanaostahili kuwa wa kwanza kupelekewa nakala za picha, maana ukuta ukianguka, wao ndio watakaoujenga tena.