Moyo Kuchafuka Baada ya Mbio

Nchi ya Ngara ni vilima na mabonde, na mtoto akaaye bondeni karibu na mto Ruvubu huzoea kupanda mlima tangu udogo wake. Biharamulo nako watoto wengi huenda shule mwendo mrefu kwa miguu. Watu wenye miguu ya namna hii wangedhaniwa kuwa mbio haziwezi kuwadhuru. Walakini siku ya michezo huonekana kijana mwenye nguvu akifika mwisho wa mbio, akainama kando ya uwanja na kutapika. Wenzake humcheka, wakisema ni mdhaifu. Si haki kumcheka, maana jambo hili huwapata hata mashujaa wa mbio, nalo lina sababu zinazojulikana.

Sababu ya kwanza ni damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika, na kama robo yake hupita tumboni, matumboni na katika ini. Mtu akikimbia kwa nguvu, moyo waweza kusukuma lita 20 au zaidi, lakini sehemu kubwa huvutwa na miguu itendayo kazi, na fungu la tumbo hupungua sana. Ni kama mama mwenye mtungi mmoja wa maji: akitia mengi katika chungu cha maharage, ya kuoshea vyombo hayatoshi. Basi ikiwa tumbo limejaa ndizi na maharage, chakula hukaa bila kusagwa, hutikisika kwa kila hatua, na mwisho hurudi kwa njia kilichoingilia. Tumbo tupu nalo si dawa. Mtoto asiyekula tangu asubuhi, akalima bustani, kisha akashindana mbio, sukari ya damu yake yaweza kupungua. Hutetemeka, na moyo humchafuka vile vile.

Sababu ya pili ni joto. Miguu ikifanya kazi hutoa joto, nao mwili hujipoza kwa jasho. Katika jua la kiangazi mtu mzima akimbiaye aweza kupoteza lita 1 ya jasho kwa saa moja, au kupita hapo. Maji ya mwili yakipungua, damu nayo hupungua, na tumbo huzidi kunyimwa. Mwaka 2019 mashindano ya dunia yalifanyika Doha, katika nchi ya Qatar. Mbio za wanawake za kilometa 42 zilianzishwa karibu na saa sita ya usiku ili kulikwepa jua, na hata hivyo joto lilipita digrii 30. Wanawake 68 walianza, na 28 kati yao hawakumaliza. Mshindi, Ruth Chepngetich wa Kenya, alitumia saa 2, dakika 32 na sekunde 43, na hakuna mshindi wa mbio hizo za wanawake katika mashindano ya dunia aliyekuwa ametumia muda mrefu hivyo kabla yake. Joto likizidi, hata bingwa hupunguza mwendo.

Sababu ya tatu ni kukoma ghafula. Miguu ikienda, misuli yake huminya mishipa na kuirudisha damu juu moyoni. Mkimbiaji akisimama wima mara moja kama mti, damu hukaa miguuni, kichwa huzunguka, na kichefuchefu hufuata.

Njia za kuepuka ni nyepesi. Chakula kizito kiliwe saa 3 kabla ya mbio. Ikiwa muda ni mfupi, uji mwepesi au ndizi mbivu yatosha, saa moja kabla. Maji safi yanywewe kidogo kidogo toka asubuhi, wala tumbo lisijazwe maji kwa mara moja. Mazoezi yafanywe asubuhi au jioni. Mkimbiaji aanze kwa kutembea, kisha mbio za polepole kwa dakika 10. Akimaliza, atembee tena dakika 5 au 10. Aliyekaa siku nyingi bila mazoezi asitake kushinda siku ya kwanza, bali aongeze nguvu kila juma.

Moyo ukiisha kuchafuka, mtu aache mbio, aende polepole kivulini, akae, anywe maji kwa mafunda madogo. Aliyetapika sana atengenezewe maji haya: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi. Vipimo hivi visizidishwe.

Lakini ziko dalili zisizongojewa. Mkimbiaji akiwaka moto mwilini, akanena maneno yasiyo na maana, akapepesuka au kuzimia, joto limemshinda, nalo laweza kumwua. Awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na apelekwe hospitali upesi. Aliyezimia asinyweshwe maji, yasije yakamwingia mapafuni. Aumwaye kifua katika mbio naye apelekwe kwa mganga, hata akipata nafuu. Tena katika wilaya hizi malaria ipo. Kutapika pamoja na homa kusihesabiwe kuwa uchovu wa mbio, bali damu ipimwe.

Kwa hiyo mwenye kuinama kando ya uwanja asichekwe, wala asilazimishwe kurudi mbioni. Mwenzake mwema humshika mkono, humpeleka kivulini, na kumtazama sana mpaka apone.

MASWALI
1. Kwa nini tumbo hupungukiwa na damu wakati wa mbio?
2. Mkimbiaji afanye nini akifika mwisho wa mbio, na kwa sababu gani?
3. Taja dalili tatu za mtu aliyeshindwa na joto, na msaada anaopaswa kupewa.