Preah Vihear: hekalu juu ya mlima, nchi mbili zinaligombania

Kwenye mpaka wa Kamboja na Thailand kuko milima inaitwa Dangrek. Upande wa Thailand inateremka polepole. Upande wa Kamboja inakatika ghafla kama ukuta. Pale juu, kwenye ukingo wa genge la zaidi ya metre 500, ndipo liko hekalu la mawe la Preah Vihear.

Mgeni anayetoka Siem Reap, muji wa watalii, anasafiri karibu kilometre 200. Akifika chini ya mlima anaacha gari yake, maana barabara ya kupanda ni kali sana. Anapanda moto ama kamioneti yenye nguvu. Anayependa miguu, kuko ngazi ya mbao yenye vipandio zaidi ya 2,000. Huko juu bado safari haijaisha: hekalu limepangwa kwa urefu wa metre 800 hivi, mlango baada ya mlango, mitano yote, na kila mara unazidi kupanda hadi patakatifu.

Wafalme wa Khmer walilijenga kidogo kidogo kati ya karne ya 9 na ya 12, kwa heshima ya Shiva, mungu wa Wahindu. Baadaye likawa la Wabudha. Kwenye jiwe moja wamechonga miungu na mashetani wanavuta nyoka mkubwa huku na huku ili kusukasuka bahari ya maziwa. Wafugaji wa Masisi wataelewa hiyo kazi bila kuelezwa.

Ugomvi ulitoka wapi? Mwaka 1904, Ufaransa iliyotawala Kamboja ilipatana na Siam (ndiyo Thailand ya leo) kwamba mpaka ufuate mgongo wa mlima, pale maji yanapogawanyika. Lakini maofisa Wafaransa walipochora ramani, waliweka hekalu ndani ya Kamboja. Siam ilipokea ile ramani, ikaomba hata kopi zingine, haikupinga kitu. Mwaka 1954, baada ya Wafaransa kuondoka, askari wa Thailand wakakalia hekalu.

Kamboja ikaenda mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, ile ile ambako Congo ilishitaki Uganda na kushinda mwaka 2005. Tarehe 15 Juni 1962, majaji 9 kwa 3 waliamua hekalu ni la Kamboja. Sababu kubwa ilikuwa ule ukimya: ukikubali ramani kwa miaka hamsini, huwezi kuamka siku moja kuikataa. Thailand ikaondoka kwa uchungu. Askari wake hawakuteremsha bendera; waliing'oa na mlingoti wake wakaihamisha.

Korti ilitaja hekalu, haikueleza vizuri udongo unaolizunguka. Hapo ndipo moto ulibaki chini ya majivu. Julai 2008 UNESCO iliandika Preah Vihear kwenye orodha ya urithi wa dunia, ile ambayo Virunga iko ndani, na majeshi yakarudi. Februari 2011 mabomu yaliharibu sehemu za hekalu. Novemba 2013 Korti ikafafanua kwamba kilima chote cha hekalu ni cha Kamboja. Haikutosha: Julai 2025 nchi hizi mbili zilipigana siku tano kwenye sehemu nyingi za mpaka, na Desemba wakaanza tena. Watu wa vijiji, pande zote mbili, walikimbia na watoto na magodoro.

Kwa wazee wa hapo, kukimbia si jambo geni. Mwaka 1979, jeshi la Thailand lilirudisha kwa nguvu wakimbizi zaidi ya 40,000 wa Kamboja, likawasukuma wateremke lile genge. Chini kulikuwa kumetegwa mabomu ya ardhini. Wengi walikufa pale pale. Mabomu mengine yalibaki katika udongo miaka na miaka, na ndiyo maana mgeni anaambiwa asitoke kwenye njia.

Ngazi ya zamani ya mawe, ile wafalme waliijenga kwa ajili ya waumini, inaelekea kaskazini, upande wa Thailand. Kwa miaka mingi sasa, lango la upande huo limefungwa.