Michezo ya Rangi na Udongo kwa Watoto Wadogo

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule, yaani wale wa miaka mitatu hata sita. Watu wengi hudhani kwamba mtoto achoraye mchangani kwa kijiti, au afinyangaye matope nyuma ya nyumba, anachafua nguo bure. Sivyo. Mkono ufinyangao leo ndio utakaoshika kalamu na jembe kesho.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka 1837 Mjerumani mmoja, Friedrich Froebel, alianzisha mahali pa kulelea watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, akawapa mipira ya sufu na vipande vya mti wajifunze kwa kucheza. Na mwaka 1897 Franz Cižek alifungua darasa la watoto mjini Vienna, wala hakuwaamuru kunakili kazi za watu wazima.

Basi mzazi au mwalimu afanyeje? Shauri langu ni hili: panga vifaa, mahali na saa, lakini usipange kitu atakachokifanya mtoto.

Kwanza, ujue umri wake. Mtoto wa miaka miwili huchora mistari ovyo. Akikaribia mitatu aweza kuchora duara, na akikaribia minne aweza kuchora msalaba. Ndipo aanzapo kuchora mtu ambaye miguu yake yatoka kichwani. Usimcheke wala usimsahihishe, maana hiyo ni ngazi, naye ataipanda mwenyewe.

Pili, vifaa. Hapana haja ya fedha nyingi. Chukua udongo wa mfinyanzi kutoka mahali safi, mbali na choo, uutoe mawe, uukande mpaka usigande vidoleni, kisha umpe kila mtoto donge kama chungwa. Udongo uliobaki ufunike kwa kitambaa chenye maji usikauke. Rangi nyeusi hupatikana kwa makaa yaliyosagwa, nyekundu kwa udongo mwekundu, na ya manjano kwa bizari ya manjano. Zichanganye na uji mwepesi zipate kushika. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki chatosha kuwa burashi, na ukuta wa nyuma au gazeti kuukuu latosha kuwa karatasi.

Tatu, jihadhari na hatari. Chokaa ya kupakia nyumba huunguza macho, basi usiwape. Mbegu za mbarika, na zile nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, ni nzuri kutazama, lakini zina sumu iwezayo kuua mtoto. Zisikaribie mchezo kabisa. Hata kunde na maharagwe huingizwa puani na masikioni, kwa hiyo wadogo sana wasiachwe nazo peke yao. Mchezo ukiisha, wote wanawe mikono kwa sabuni, maana udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo.

Nne, saa. Mtoto mdogo hachoki kucheza, ila huchoka upesi kukaa na jambo moja. Robo saa au dakika ishirini zatosha, asubuhi, kivulini, watoto sita kwa mtu mzima mmoja. Jumatatu wachore mchangani, Jumatano wafinyange udongo, Ijumaa wapake rangi. Wiki ya pili rudia yale yale, maana mtoto hupenda kurudia, na kwa kurudia hupata ustadi.

Mwisho, angalieni maneno yenu. Ukiuchukua mkono wa mtoto na kumchorea nyumba nzuri, siku hiyo utapata nyumba nzuri, lakini kesho yake atakuambia, "Mimi sijui, nichoree wewe." Hapo umemnyang'anya kitu kikubwa kuliko ulichompa, nacho ni kule kuthubutu kujaribu. Afadhali umwambie, "Nieleze habari za kazi yako," kisha umsikilize. Katika kueleza atajifunza maneno mapya, na kupanga mawazo yake.

Wazee wetu walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Tuuwahi basi, lakini vidole vinavyoufinyanga viwe vya mtoto mwenyewe.