Daraja ya chuma inavuka mto namna gani bila kuanguka?

Mvua ikibeba daraja, mara nyingi tunaona kamyo zinaleta chuma za daraja ya Bailey. Watu wanajiuliza: bila grue kubwa, uzito huu wote utafika ngambo namna gani?

Daraja hii ilibuniwa na Donald Bailey wa Uingereza, wakati wa vita ya pili ya dunia. Kila paneli ya pembeni ina urefu wa metri 3 na uzito wa karibu kilo 260. Watu sita wanaweza kuibeba.

Wajenzi wanaunganisha vipande kwenye ukingo moja, juu ya rulo za chuma zenye kuzunguka. Kisha wanasukuma pole pole. Mbele wanatia pua, ni kusema sehemu nyepesi, bila mbao za kukanyaga. Pua ndiyo inagusa ngambo ya kwanza, halafu inafunguliwa.

Siri iko hapa. Weka ubao juu ya meza na uusukume inje: nusu yake ikipita ukingo, unaanguka. Vilevile daraja: kati ya uzito wake lazima ibaki nyuma ya rulo mpaka pua ifike ngambo. Ikipita mapema, yote inainama mtoni pamoja na watu.

Kwa hiyo, wazazi, watoto wasipande juu ya chuma kwa kutazama. Na wewe kijana unayesaidia, usitoe mzigo uliowekwa nyuma, hata ukiona kama hauna kazi. Pengine ndio unashika daraja.