Mjue Usubi, Mdudu wa Kala-azar

Jioni umeketi nje na mtoto, kidudu kinatua mguuni mwake. Si mbu, wala si nzi wa jikoni. Ni nani huyu?

Mtazame vizuri. Usubi, ambaye wengine humwita nzi wa mchanga, ni mdogo kuliko mbu: milimita 2 au 3 tu. Rangi yake hufanana na mchanga, na ana manyoya mwilini na kwenye mabawa. Akitua, husimamisha mabawa kama herufi V. Mbu huyalaza mgongoni. Hana mlio. Huruka kidogo, akatua, akaruka tena.

Anayeuma ni jike, hasa usiku. Mchana hujificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta. Sehemu kama Baringo, Turkana, Pokot Magharibi, Marsabit na Wajir, anaweza kuambukiza kala-azar.

Mtoto akiwa na homa kwa zaidi ya wiki mbili, anakonda, na tumbo limevimba upande wa kushoto chini ya mbavu, usiendelee kumnunulia dawa za malaria dukani. Kinachovimba hapo ni wengu. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Kala-azar isipotibiwa huua. Ikitibiwa mapema, mtoto hupona.

Mlaze ndani ya neti iliyotiwa dawa. Ile isiyo na dawa, usubi hupenya matundu yake. Ziba nyufa kwa udongo, na usimlaze mtoto karibu na kichuguu.